Likizo Ndani ya Gari: Nyumba za Magurudumu katika Barabara za Uingereza

Askari wa doria anapokuta usiku gari limeegeshwa kando ya barabara, taa zimezimwa, mapazia yamefungwa, na ndani yake pana dalili ya watu waliolala, hawezi kupita bila kujiuliza ni akina nani hao. Awe analinda njia ya Kasese au ya Busia, swali ni hilo hilo, na kazi ya usiku huo huanzia hapo. Katika nchi ya Uingereza swali hilo limekuwa la kila siku tangu mwaka 2020, hasa katika milima ya Scotland, iliyo sehemu ya kaskazini ya nchi hiyo. Polisi hugonga kioo, pazia hufunguliwa, na anayechungulia si jambazi wala mkimbizi. Aghalabu ni mwalimu mstaafu aliyevaa nguo za kulalia, mkewe yuko nyuma yake, na mbwa wao anabweka. Wako likizoni, ndani ya nchi yao wenyewe, na wamekuja na nyumba yao.

Nyumba yenyewe ni gari dogo la mizigo lililogeuzwa. Kiwanda cha magari hutoa injini, magurudumu na viti viwili vya mbele; kiwanda kingine huunda juu yake chumba chenye vitanda, jiko la gesi, friji, meza ya kukunja na choo. Chini ya sakafu kuna tangi la maji safi na tangi la maji machafu. Betri ya pili, mbali na ile ya kuwashia injini, hutoa umeme wa taa, na siku hizi paa hubeba vioo vya kukusanya nguvu za jua. Nyingi zilizo mpya huuzwa kwa zaidi ya pauni 50,000, fedha ambazo katika miji mingi ya dunia hujenga nyumba ya matofali. Wasio na uwezo huo hununua gari lililokwisha kutumika na kufanya useremala wao wenyewe, au hukodisha kwa juma moja.

Askari jeshi hataona ajabu kubwa katika habari hii. Kulala ndani ya lori, kupika kando ya gurudumu na kuyapima maji kwa kikombe ni mambo aliyojifunza tangu kuruta. Dereva wa lori la masafa marefu naye anayajua. Katika mwaka huo huo wa 2020, madereva waliosubiri kupimwa ugonjwa wa korona katika foleni ya Malaba walikaa siku nyingi ndani ya vichwa vya malori yao, wakila na kulala humo. Tofauti ni kwamba wao walilazimika, na hapana aliyewapiga picha za kuwavutia wengine. Kinachofanya jambo la Uingereza listahili kuangaliwa ni kwamba mtu mwenye kitanda kizuri nyumbani kwake hulipa fedha nyingi ili alale kama dereva wa lori, tena huhesabu kwamba amepata uhuru.

Uhuru huo una historia, na mwanzo wake uko karibu na jeshi kuliko mtu angedhani. Mwaka 1885 daktari mmoja mstaafu wa jeshi la wanamaji la Uingereza, William Gordon Stables, mzaliwa wa Scotland, aliagiza kiwanda cha mabehewa cha Bristol kimtengenezee gari la kukokotwa na farasi wawili, lenye urefu wa futi 18 hivi, na ndani yake kitanda, jiko na kabati la vitabu. Huyu Stables aliwahi katika ujana wake kuhudumu melini kwenye pwani ya Msumbiji, wakati wanamaji wa Uingereza walipokuwa wakiyasaka majahazi ya wafanya biashara ya watumwa. Baadaye aliliita gari lake “Wanderer”, yaani Mzururaji, akatoka Twyford, magharibi ya London, akasafiri hadi Inverness huko Scotland, mwendo wa maili 1,300. Mtumishi wake alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuwaonya watu wa njiani kwamba kitu kikubwa kinakuja. Wazo la gari lenyewe lilitoka kwa Wajipsi, watu wa kuhamahama ambao kwa vizazi vingi wameishi katika magari ya farasi kando ya barabara za Uingereza. Stables akajulikana kwa jina la Mjipsi muungwana. Jina hilo yafaa likumbukwe, kwa maana limebeba mzozo wote uliofuata: palikuwapo Mjipsi aliyehesabiwa kuwa muungwana, na hivyo palikuwapo wengine ambao hawakuhesabiwa.

Mwaka 1907 waliomfuata walianzisha chama cha wenye karavani, ambacho kimedumu hata leo. Halafu injini ikachukua nafasi ya farasi, na baada ya vita kuu ya pili jeshi likaingia tena katika hadithi. Kiwanda cha Volkswagen cha Wolfsburg, Ujerumani, kilikuwa kimeangukia mikononi mwa Waingereza. Aliyewekwa kukisimamia ni Meja Ivan Hirst, ofisa wa kikosi cha mafundi wa umeme na mitambo wa jeshi la Uingereza. Badala ya kukibomoa alikifanya kitengeneze magari kwa ajili ya majeshi yaliyoikalia Ujerumani. Mitambo ya kunyanyulia mizigo iliyoazimwa kutoka jeshini ilipotakiwa kurudishwa, mafundi waliunda vitoroli vya injini kwa kutumia vyuma vya gari dogo, dereva akakaa nyuma na mzigo mbele yake. Mfanya biashara wa Kiholanzi, Ben Pon, alikitembelea kiwanda, akaviona vitoroli hivyo, na mwaka 1947 akachora katika daftari lake gari lenye umbo la sanduku. Gari hilo lilianza kuundwa mwaka 1950. Mwaka uliofuata karakana ya Westfalia ikatoa vyombo vya kulitia kitanda na jiko, na kutoka hapo gari la likizo likawa kitu ambacho fundi wa kawaida na familia yake waweza kukitamani.

Hata hivyo, kwa miaka mingi Mwingereza mwenye mshahara wa wastani hakuipenda sana likizo ya nyumbani. Mvua ya kwao inajulikana. Ndege za bei nafuu zilimpeleka Hispania au Ugiriki kwa muda wa saa chache, na gari lenye kitanda likabaki kuwa starehe ya wazee wenye subira. Kilichoyageuza mambo ni maradhi. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa, na hoteli zikafungwa pamoja nayo. Mwezi Julai mwaka huo viwanja vya kambi viliporuhusiwa kufunguliwa, watu waliona kwamba chombo kimoja tu kinawawezesha kusafiri bila kugusa kitasa cha mlango wa mtu mwingine, bila kulalia shuka la mgeni na bila kutumia choo cha umma. Mwaka uliofuata serikali ilikwenda mbali zaidi: kuanzia mwisho wa Machi 2021, mtu aliyeondoka England kwenda nchi za nje bila sababu ya kutosha aliweza kutozwa faini ya pauni 5,000, na marufuku ya likizo za ng'ambo iliendelea hadi tarehe 17 Mei. Taifa lililokuwa limezoea kukimbilia jua la watu wengine lilijikuta limefungiwa nyumbani, na barabara za nyumbani ndizo zilizokuwa wazi.

Maradhi yalipopungua, wengi walirudi kwenye ndege. Lakini wengi pia hawakurudi. Gari walikuwa wamekwisha kulinunua, na mtu hakubali kirahisi kuona pauni elfu hamsini zinaota ukungu mbele ya nyumba. Wengine waligundua kwamba kazi yao ya ofisini yaweza kufanywa mahali popote penye simu, na kwa hiyo waliondoka Alhamisi badala ya Ijumaa. Wastaafu, ambao hawafungwi na ratiba za shule, husafiri mwezi Mei na Septemba, wakati bei ni ndogo. Kisha kuna mbwa. Yeyote anayedhani kwamba jambo hilo ni dogo hajawajua Waingereza: hoteli nyingi hazipokei mbwa, na familia nyingi hazimwachi.

Mahali ambapo matokeo yalionekana waziwazi kuliko kwingine ni njia iitwayo North Coast 500. Njia hiyo haikujengwa upya; ni barabara za zamani za Scotland ya kaskazini zilizounganishwa katika ramani moja mwaka 2015, zikapewa jina na kutangazwa kwa watalii. Huanzia kwenye ngome ya Inverness, mji ule ule alioufikia Stables, huizunguka pwani yote ya kaskazini, na kurudi hapo hapo baada ya maili 516, yaani kilomita 830 hivi. Nia ilikuwa njema. Vijiji vya huko ni vidogo, vijana huhama, na duka likifungwa huenda lisifunguliwe tena. Wageni walitakiwa walete fedha.

Wageni walikuja, na kweli walileta fedha. Lakini sehemu kubwa ya barabara hizo ina upana wa gari moja tu. Kila baada ya mwendo mfupi pana kituo cha kupishana, kipande cha lami kilichotanuliwa na kuwekewa bango, ili gari moja lisubiri na jingine lipite. Mwenyeji anajua desturi: ukiona gari mbele yako, aliye karibu zaidi na kituo ndiye anayesimama, na ukiona gari nyuma yako lina haraka, unalipisha vile vile. Mgeni mwenye gari la urefu wa mita saba, aliyezoea barabara kuu za kusini, huiona desturi hiyo kwa mara ya kwanza akiwa mlimani na ukungu umeshuka. Kwenye njia ya Bealach na Bà, jina ambalo maana yake ni kipito cha ng'ombe, barabara hupanda hadi mita 626 juu ya bahari kwa kona kali, na bango lililowekwa chini ya mlima huwaonya wanaojifunza udereva na wenye magari makubwa sana na karavani kwamba njia hiyo haiwafai. Wako wanaolisoma bango hilo na kuendelea.

Ubaya zaidi hutokea jua linapotua. Mgeni aliyechoka hukiona kituo cha kupishana, hukiona kuwa ni tambarare, kinatazama bahari, na hakina wa kudai malipo. Huegesha na kulala. Hajui, au hataki kujua, kwamba amekiziba kiungo cha barabara pekee inayotumiwa na gari la wagonjwa, lori la zimamoto na daktari wa mifugo. Asubuhi lipo jambo la choo. Choo cha gari-nyumba hukusanya uchafu katika sanduku la plastiki lenye dawa kali, na sanduku hilo lapaswa kumwagwa mahali maalumu. Likimwagwa katika kijito, wanaotumia maji ya kijito hicho huathirika. Likimwagwa katika shimo la choo la nyumba ya kijijini, dawa huua vijidudu vinavyolifanya shimo hilo lifanye kazi. Katika majira ya joto ya mwaka 2020, vyoo vingi vya umma vilipokuwa vimefungwa kwa sababu ya maradhi, wanakijiji walilalamika sana, na polisi na halmashauri walilazimika kusikiliza. Haki ilikuwa upande wa wanakijiji. Lakini haki nyingine ilikuwa upande wa mgeni pia, maana alikaribishwa kwa matangazo makubwa mahali ambapo hapakuwa na pa kumwaga.

Sheria inasemaje? Hapo askari wetu watapendezwa, kwa sababu ni moja ya zile sheria ambazo kila raia hudhani anaijua. Scotland ina sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita na hata kupiga hema katika sehemu kubwa ya ardhi isiyolimwa, mradi afanye hivyo kwa uangalifu. Wenye magari wengi huinukuu sheria hiyo dirishani wanapogongewa. Lakini haki hiyo ni ya mwenye kwenda kwa miguu, baiskeli, farasi au mtumbwi. Chombo cha injini kimetengwa waziwazi. Wengine hutaja sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1988, ambayo haihesabu kuwa ni kosa kuliingiza gari hadi yadi 15 nje ya barabara kwa nia ya kuegesha tu. Ni kweli, lakini kutohesabiwa kosa si sawa na kupewa ruhusa, na mwenye ardhi aweza bado kumwamuru mtu aondoke.

Kulala ndani ya gari kwenyewe si kosa. Hatari imo katika chupa. Sheria hiyo ya mwaka 1988 haimshiki tu mlevi anayeendesha. Yamshika pia mlevi aliye na mamlaka juu ya gari lililosimama barabarani au mahali pa umma. Mzee aliyeegesha kando ya ziwa, akavuta pazia, akanywa glasi nne za wiski ya mahali hapo na kulala na funguo zake mfukoni, aweza kujikuta akieleza mbele ya hakimu kwamba hakukuwa na uwezekano wowote wa yeye kuendesha kabla pombe haijamtoka. Mzigo wa kuonyesha hilo ni wake. Tena Scotland ilishusha kiwango chake Desemba 2014, kutoka miligramu 80 za kileo katika kila mililita 100 za damu hadi 50, ilhali England ilibaki na 80. Kwa hiyo mtu aweza kuvuka mpaka akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na glasi ile ile ikambadilikia.

Uzito nao ni mtego. Aliyefaulu mtihani wa gari dogo kabla ya Januari 1997 alipewa leseni ya kuendesha hadi tani saba na nusu. Aliyefaulu baadaye, kwa kawaida huishia kilo 3,500. Viwanda hujitahidi kuyaweka magari yao chini ya mstari huo, na gari tupu hufaulu. Kisha wenye gari hupakia maji, mitungi ya gesi, baiskeli mbili, turubai, vyakula vya juma zima na yule mbwa. Mizani ya polisi haina huruma. Na mwenye leseni ya zamani, akitimiza miaka 70, hupoteza haki ya gari zito asipoleta cheti cha daktari. Wengi katika wanunuzi wa magari haya wako karibu na umri huo.

Ukitaka kujua kama balaa hili lazima liwepo, tazama majirani wa Uingereza. Ng'ambo ya mlango wa bahari, Ufaransa imezoea kwa miongo mingi kuyapokea magari-nyumba kama vile mji unavyopokea mabasi. Halmashauri ya mji mdogo hutenga kipande cha uwanja, huweka bomba la maji na shimo la kumwagia uchafu, hudai malipo madogo au hayadai kabisa, na hukataza watu kuweka meza na viti nje. Gari hulala usiku mmoja au miwili. Asubuhi wageni hununua mkate kwa mwokaji na nyama kwa bucha, kisha huenda. Ujerumani ina utaratibu wa namna hiyo hiyo, na huko sheria ya barabara huvumiliwa kwa busara: aliyechoka hulala usiku mmoja ili apate nguvu za kuendesha, lakini akitandaza viti na kuwasha jiko la mkaa amekwisha kuwa mpiga kambi. Mstari huo askari aweza kuuona kwa tochi bila kufungua kitabu.

Uingereza ilichelewa kuiga. Huko viwanja vya karavani ni biashara za watu binafsi na vyama, na kila halmashauri iliyotaka kufungua uwanja wa bei nafuu ilikabiliwa na hoja kwamba inawanyang'anya wenye viwanja riziki yao. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwenye kiwanja hulipa kodi na huajiri wanakijiji. Lakini iliiacha barabara bila mlinzi. Scotland ilianzisha mfuko wa serikali wa kujenga vyoo, maegesho na mashimo ya kumwagia katika vijiji vilivyoelemewa. Halmashauri ya Highland, yenye njia yote ile ya maili 516, iliajiri walinzi wa majira ya joto wa kuzunguka na kuzungumza na wageni, na mwaka 2024 ilianzisha mpango wa hiari ambao kwa pauni 40 mwenye gari-nyumba hutumia maegesho ya halmashauri kwa siku saba. Neno la hiari lilichekwa na wengi. Anayelipa kwa hiari ni yule ambaye hata hivyo asingemwaga uchafu wake kijitoni.

Wakati hayo yakijadiliwa kaskazini, England na Wales zilikuwa zikitunga sheria ya namna nyingine kabisa kuhusu watu wanaolala ndani ya magari. Hawa si watu wa likizo. Ni Wajipsi na Wasafiri, wale wale ambao Stables aliiga mtindo wao. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, zaidi ya watu 71,000 wa England na Wales walijiandikisha kuwa Wajipsi au Wasafiri wa Kiayalandi. Wengi wao siku hizi wanaishi katika nyumba za kawaida, lakini sehemu yao hawana makao mengine ila karavani. Sheria ya mwaka 1968 iliziamuru halmashauri ziwatengee viwanja. Amri hiyo ikafutwa mwaka 1994. Viwanja havikutosha kabla, na baadaye vilitosha kidogo zaidi ya hapo nyuma kwa uchache wake, mpaka ikawa familia isiyo na kiwanja halali haina mahali popote pa kusimamisha gurudumu bila kumkosea mtu.

Serikali ilipouliza maoni mwaka 2018, baraza la wakuu wa polisi lilijibu kwamba kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa ni shauri la madai na libaki hivyo. Kwamba kosa jipya la jinai halihitajiki. Na kwamba shina la tatizo ni uhaba wa viwanja. Hawa ni watu ambao kazi yao ndiyo kuwaondoa wavamizi wa ardhi. Walijua ni nani atakayetumwa alfajiri kulivuta karavani lenye watoto ndani yake, na walijua kwamba likivutwa litakwenda kusimama katika ardhi ya mtu mwingine, maili mbili mbele.

Ushauri huo haukufuatwa. Tangu tarehe 28 Juni 2022, mtu mzima anayekaa katika ardhi ya mwingine bila ruhusa akiwa na gari, akadaiwa kuleta uharibifu, usumbufu au dhiki kubwa, au kuelekea kuileta, na akaambiwa aondoke naye akakataa bila sababu ya kutosha, aweza kufungwa miezi mitatu au kutozwa faini, na polisi waweza kulichukua gari lake. Maneno ya sheria hayamtaji Mjipsi. Yameandikwa kwa namna ambayo yaweza kumpata hata mwenye nyumba kwingine. Lakini mwalimu mstaafu wa kando ya ziwa, akiombwa kuondoka, huwasha injini, hukasirika kidogo, na usiku huo huo hulala kitandani kwake au katika kiwanja cha kulipia. Askari akilichukua gari lake, amechukua chombo cha starehe. Akilichukua gari la Msafiri, amechukua jiko, kitanda na dawa za mtoto, na familia imebaki imesimama majanini.

Sheria hiyo iliongeza pia muda ambao aliyeondolewa haruhusiwi kurudi katika ardhi ile, kutoka miezi mitatu hadi miezi kumi na miwili. Shauri lilipelekwa Mahakama Kuu ya London, na tarehe 14 Mei 2024 jaji alitamka kwamba nyongeza hiyo hailingani na haki za binadamu ambazo Uingereza imejifunga kuziheshimu, kwa kuwa iliwaelemea Wajipsi na Wasafiri bila sababu ya kutosha. Hukumu hiyo haikulifuta kosa lenyewe la mwaka 2022, wala haikuongeza kiwanja hata kimoja cha karavani.